Jinsi ya kupanga vibao vya kuelekeza njia kwenye mji mdogo, hatua kwa hatua

Ukishapewa hii kazi ya kupanga vibao vya mji, yaani vile vya kumwambia mtu hospitali kushoto, stendi mbele, maegesho kulia, kitu cha kwanza utakachoulizwa na kila mtu ni rangi gani na logo ya mji itakaa wapi. Waambie wasubiri. Rangi ni ya mwishoni huko. Kazi yenyewe ni ya kutembea na kuandika kwenye jedwali, na wengi wanaoruka hapo wanaishia na vibao vinavyopendeza sana kwenye picha ila mgeni anavipita halafu anashusha kioo cha gari kuuliza njia.

Mji mdogo una shida yake ya peke yake, wenyeji wote wanajua njia. Hakuna anayeona kwamba kibao hakipo au kimegeukia upande usio wake kwa sababu hakuna mwenyeji anayekisoma. Lakini una neema pia, njia panda zake zinahesabika na unaweza kuumaliza mji mzima kwa miguu siku mbili tatu, kitu ambacho mji mkubwa hauwezi kukupa. Itumie hiyo neema.

Na shika hili moja kabla hatujaanza: kibao kiko pale kumjibu mtu asiyepajua, pale anapolazimika kuchagua. Kushoto, kulia au mbele. Kama hapo hakuna cha kuchagua, mara nyingi kibao hakihitajiki, na kama kuna cha kuchagua na kibao hakuna basi hapo ndo watu wanapopotea.

Hatua ya 1: Jua barabara ni ya nani na kibao kitakuwa cha nani

Barabara kubwa inayokatiza mji mara nyingi sio ya mji, ni ya mamlaka ya barabara ya ngazi ya juu, na wana sheria zao kuhusu kila kinachosimikwa pembeni yake. Nenda kaongee nao mwanzoni kabisa, usisubiri michoro ikamilike, maana wakikataa mwishoni unarudi sifuri. Uliza umbali kutoka ukingo wa barabara, uliza rangi zisizoruhusiwa, uliza kibao kikae mbali kiasi gani na alama za barabarani.

Hizi sheria zina sababu. Dunia nzima imejitahidi alama za barabarani zifanane, ndo maana kuna mkataba wa Vienna wa 1968, ili dereva akiona umbo fulani na rangi fulani ajue ni onyo au ni katazo hata kabla hajasoma. Ukija na kibao chako cha "Makumbusho" chenye usuli mwekundu (usuli ni ile rangi ya nyuma ya maandishi) unaichafua hiyo lugha. Marekani kwa mfano mwongozo wao wa taifa unakataza usuli mwekundu, wa chungwa, wa njano na wa zambarau kwenye vibao vya aina hii. Hata kama kwenu sheria haijaandikwa hivyo, fuata tu, ni busara ya bure.

Halafu ndani ya mji wenyewe lazima ajulikane mtu mmoja, au ofisi moja, ambayo kibao kikigongwa na lori usiku wao ndo wanapigiwa simu asubuhi. Kamati iwepo, sawa, ila kamati haibebi ngazi na spana.

Hatua ya 2: Tembea na mtu asiyepajua

Hii naipenda kuliko zote na ndo inayorukwa sana. Tafuta mtu ambaye hajawahi kufika hapo, mlete mpaka mahali ambapo wageni wanaingilia (barabara kubwa kila upande, stendi ya mabasi, stesheni kama ipo, bandari kama ipo), mpe sehemu moja ya kutafuta, halafu we tembea nyuma yake na daftari, USIMSAIDIE. Ni ngumu kweli kukaa kimya ukiona anakwenda siko, lakini kaa kimya.

Mwangalie mwili wake. Akiwa na uhakika anatembea mwendo uleule. Akikaribia pale anapochanganyikiwa anapunguza mwendo hatua kama kumi kabla, kichwa kinaenda kushoto, kinaenda kulia, kinainuka juu kutafuta maandishi, halafu anatoa simu mfukoni au anamtazama mpita njia usoni. Pale alipopunguza mwendo weka alama kwenye ramani. Na andika pia alikuwa anatazama wapi, urefu gani, maana mara nyingi kibao kipo ila kipo mahali ambapo macho hayaendi. Watu watatu au wanne wa hivyo watakuonyesha kona zilezile kwa kujirudia, na hizo ndo kona zako.

Rudia kwa gari, ukiwa abiria, na dereva awe mgeni. Rudia usiku. Rudia na mtu wa kiti cha magurudumu kwa sababu njia uliyodhani ni nzuri ina ngazi tatu katikati na kibao chako kitakuwa kinampeleka kwenye ukuta. Rudia na mtu mwenye uoni hafifu.

Kwenye matembezi hayohayo piga picha kila kibao kilichopo, kipe namba, na andika neno moja tu: kibaki, kihame, king'olewe. Utashangaa idadi ya ving'olewe. Vibao vya matukio yaliyopita zamani, vya ofisi zilizohama, vitatu kwenye nguzo moja vinavyosema kitu kimoja kwa majina tofauti. Kuving'oa peke yake kunaweza kuufanya mji usomeke hata kabla hujaongeza kipya kimoja, na ni kazi rahisi kuliko zote humu.

Kuna atakayesema siku hizi watu wana simu, vibao vya nini. Dereva hatakiwi kuangalia simu. Chaji inaisha, mtandao unakata. Na ramani ya simu mara nyingi inaweka kidoti katikati ya jengo, sio mlangoni, kwa hiyo mtu anafikishwa nyuma kwenye uzio na geti liko upande wa pili. Hizo mita mia za mwisho simu inamwacha, na hapo kibao ndo kinampokea.

Hatua ya 3: Orodha ya maeneo, na ujasiri wa kusema hapana

Hapa ndo penye vita, kaa vizuri.

Kila mtu atataka jina lake liwemo. Kila hoteli, kila kanisa na msikiti, kila shule, kila ofisi, na wote wana hoja nzuri. Ukiwaingiza wote kibao kinakuwa ukurasa wa gazeti na hakuna anayekisoma. Dereva anayepita hana muda wa zaidi ya majina matatu kwenye kibao kimoja, ukilazimisha sana manne, na ikifika tano ujue umeandika kwa ajili ya wenye majina na sio kwa ajili ya msomaji.

Dawa yake ni kuandika vigezo KABLA ya kukusanya majina, na vigezo vipitishwe rasmi na baraza au yeyote mwenye mamlaka, vikiwa bado havina jina la mtu. Vigezo vya maana ni kama hivi: je, watu wasiopajua wanakwenda huko kwa wingi? Je, ni huduma ambayo mtu akiikosa anaumia, kama hospitali au polisi? Je, pako wazi kwa umma siku nyingi za mwaka? Je, ni pagumu kuona kutoka barabara kuu? Hili la mwisho watu wanalisahau. Jengo refu linaloonekana kutoka kila upande halihitaji vibao vingi, ila kliniki iliyojificha nyuma ya majengo mengine inavihitaji.

Ukishapitisha vigezo, anayekuja na ombi humjibu wewe, vigezo ndo vinamjibu. Hii inakuokoa na maneno mengi.

Halafu panga kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni yale yanayotajwa kuanzia mlangoni mwa mji: hospitali, stendi, katikati ya mji, labda kivutio kimoja ambacho ndo watu wanakifuata. Ngazi ya pili yanatajwa mtu akishafika eneo lile: makumbusho, maktaba, ofisi ya mji, soko, uwanja. Ngazi ya tatu yanaonekana kwa waenda kwa miguu tu, kwenye nguzo na kwenye ramani: bustani, vyoo vya umma, sanamu, mtaa wa maduka. Wengi wanaolia kwamba wameachwa watatosheka kuwa kwenye ramani ya ngazi ya tatu. Na biashara za watu binafsi mi nashauri ziwe nje kabisa ya mpango huu, zitajwe kwa jina la eneo, mfano "Mtaa wa Hoteli", kwa sababu ukishamruhusu mmoja huna cha kumwambia wa pili.

Kukusanya maeneo kwenye jina moja la mtaa au kanda ni silaha yako kubwa. Maeneo sita yaliyo karibu karibu yanakuwa neno moja kwenye kibao cha dereva, akishafika pale anapaki, anashuka, anasoma yote sita kwa utulivu.

Majina yenyewe: kila mahali jina MOJA. Kaa na jina rasmi, jina wanaloita watu, na jina lililoko kwenye ramani za simu, chagua moja, na lifuatwe kila kibao bila kubadilika hata herufi. Mgeni hajui kwamba "Ikulu Ndogo ya Zamani" na "Makumbusho ya Mji" ni jengo moja, yeye anadhani ni mawili. Chagua fupi. Na kinachofanyika pale kitangulie, jina la heshima la mtu lifuate au likae getini, maana mgonjwa anatafuta neno Hospitali. Vifupisho acha, labda kile ambacho hata mgeni kabisa anakijua.

Hatua ya 4: Chora njia, halafu usiikate

Sasa kwa kila eneo kwenye orodha, chora njia moja kutoka kila mlango wa mji. Moja tu. Na sio lazima iwe fupi kuliko zote, iwe nyepesi kuieleza. Njia ya kona mbili iliyo ndefu zaidi kwa nusu kilomita ni bora kwa mgeni kuliko ya mkato yenye kona sita. Usipitishe magari kwenye mtaa mwembamba wa makazi au mbele ya shule kisa tu ni mkato. Na kwa mtu wa gari, mwisho wa njia yake ni maegesho, sio mlango wa makumbusho. Mpeleke akapaki, halafu vibao vya miguu vimchukue kuanzia pale, na hapo ndo miji mingi inapomwacha mtu: anashuka kwenye gari, anafunga mlango, anatazama huku na huku, hakuna kitu.

Kwenye kila njia tia alama kila mahali pa kuchagua. Halafu kwa magari fikiria vitu vitatu: kibao cha kutangulia, kinachokuja kabla ya njia panda ili dereva apate muda wa kuhamia upande wake, kibao cha kwenye njia panda yenyewe, na kibao cha kuthibitisha baada ya kukata kona, kile kinachomwambia uko sawa endelea. Njia panda ndogo yenye mwendo wa pole inatosha kibao kimoja, sio lazima vyote vitatu kila mahali, tumia macho.

Na sasa kanuni ambayo ningependa uibandike ukutani: jina likishatajwa kwenye kibao kimoja, lisipotee mpaka mtu afike mlangoni.

Chukua hospitali. Kibao cha kwanza kiko kwenye barabara ya mchepuko, "Hospitali" kulia. Dereva anakata kulia. Anakuja njia panda ya pili, kibao kipo kinasema "Stendi" kushoto, "Soko" mbele, hospitali haijatajwa. Atafanya nini? Wewe mwenyeji unajua ni mbele, unaona ni wazi kabisa. Yeye ana mtu anayeumwa kiti cha nyuma na ameshaanza kuwaza labda alipita kona. Anasimama, anarudi nyuma, wa nyuma yake anapiga honi. Jina moja tu lililokosekana. Ni bora asingetajiwa hospitali kabisa pale mwanzo, angeuliza mapema, kuliko kumshika mkono halafu kumwachia katikati.

Kwa hiyo kila njia ipitie kama mnyororo, pete baada ya pete, na ujue kwamba kila jina unaloongeza kwenye kibao cha kwanza linazaa jina kwenye vibao vyote vinavyofuata. Hii peke yake itakufundisha kwa nini orodha lazima iwe fupi.

Usisahau kurudi! Mtu aliyeingia anataka kutoka. Barabara kuu ni wapi, stendi ni wapi, maegesho aliyoacha gari ni wapi. Chora na njia za kutoka kwa umakini uleule.

Hatua ya 5: Jedwali la ujumbe

Huu ndo moyo wa mpango wote na hauna hata rangi moja. Fungua jedwali kwenye kompyuta, kila uso wa kibao ni mstari wake. Nguzo moja yenye nyuso mbili ni mistari miwili. Weka namba ya kibao, mahali kilipo kwa maelezo na kwa alama za ramani, kinatazamana na watu wanaotoka wapi, ni cha magari au miguu, maneno yake mstari kwa mstari kama yatakavyoandikwa, mshale wa kila mstari, ardhi au nguzo ni ya nani, na picha ya mahali palivyo leo.

Hiyo safu ya "kinatazamana na wanaotoka wapi" usiichukulie poa. Mshale wa kushoto ni wa kushoto kwa anayetoka kaskazini tu, kwa anayetoka kusini ni kulia, na kosa la mshale kugeuka ndo kosa la kawaida kabisa kwenye kazi hii, na linagundulika kibao kikiwa kimeshasimikwa na zege limeshakauka.

Ukimaliza, mtu mwingine, sio wewe, achukue jedwali na ramani na "aendeshe" kila njia kwa kidole, anasoma kibao kwa kibao mpaka mlangoni. Palipokatika patajionyesha hapo mezani bila gharama yoyote. Dizaina aitwe baada ya hapa.

Hatua ya 6: Aina chache za vibao

Hapa hapana mengi. Kibao cha magari, kibao cha maegesho, nguzo ya waenda kwa miguu yenye vibao vyembamba vinavyoonyesha kama vidole, bango la ramani, na cha baiskeli kama mji una njia zake. Basi. Lile bango kubwa la "Karibuni" mlangoni mwa mji ni zuri ila liwe la mwisho, linameza bajeti na halimwelekezi mtu popote.

Bango la ramani nalisemea kidogo. Ramani isimamishwe ikiwa imegeuzwa kwa upande anaotazama msomaji, kilicho mbele yake kikae juu kwenye ramani, kilicho kushoto kwake kikae kushoto. Sio kaskazini juu kila wakati. Mwanasaikolojia Marvin Levine alishaonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba ramani ya "Uko hapa" iliyokaa kinyume na mazingira inawapeleka watu upande usio wao, na vibao vya Legible London vinavyotumika London leo vinafuata utaratibu huo wa kugeuza ramani, tena vimechorwa duara la mwendo wa dakika 5 ili mtu aone kwa jicho kinachofikika kwa miguu. Maana yake ni kwamba bango lilelile likiwekwa upande wa pili wa mtaa ramani yake inachorwa upya, kwa hiyo lipangie bajeti hilo.

Kuhusu muda wa kutembea, tumia takriban mita 80 kwa dakika, yaani mita 400 ni dakika 5, na kama kuna kilima au wazee wengi ongeza. Kwa mtu wa miguu dakika zinaeleweka haraka kuliko mita.

Hatua ya 7: Herufi, mishale, rangi

Haya sasa, dizaina ameingia. Mpe vipimo kabla hajaanza kuchora.

Kanuni ya Marekani inayotumika sana ni kwamba kila milimita 25 hivi za urefu wa herufi zinasomeka umbali wa kama mita 9. Fanya hesabu yako mwenyewe: herufi ya milimita 100 inaanza kusomeka mita 36 hivi. Gari la kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo dereva ana sekunde mbili na nusu tu toka herufi zisomeke mpaka akipite kibao, na ndani yake asome, achague, awashe indiketa. Haitoshi! Ukipeleka herufi kwenye milimita 150 anapata karibu sekunde nne. Kwenye mtaa wa kilomita 30 kwa saa zile milimita 100 zinampa sekunde nne na zaidi, hapo sawa. Ndo maana huwezi kuwa na saizi moja ya mji mzima, na ndo maana dizaina anayekuletea herufi nyembamba ndogo za kuvutia umrudishe.

Andika herufi kubwa mwanzoni na ndogo zinazofuata, usiandike neno zima kwa herufi kubwa. Waingereza walilipitia hili walipokuwa wanajenga barabara zao za kasi, wabunifu Jock Kinneir na Margaret Calvert walitengeneza vibao vya mchanganyiko wa herufi kubwa na ndogo vilivyojaribiwa kwenye barabara ya mchepuko ya mji wa Preston iliyofunguliwa 1958, na mpaka leo vibao vya Uingereza vinatumia mfumo wao. Neno lenye herufi zinazopanda na kushuka lina umbo lake, jicho linalidaka.

Tofauti ya mwanga kati ya maandishi na usuli iwe kubwa, nyeupe juu ya bluu iliyokoza au kijani kilichokoza au nyeusi, haikosei. Piga picha ya mchoro uifanye nyeusi na nyeupe kwenye simu, kama maandishi yanafifia basi rangi hizo hazifai. Na usitegemee rangi peke yake kutofautisha mitaa, kuna wasioona tofauti ya nyekundu na kijani.

Mshale wa kushoto ukae upande wa kushoto wa maneno, wa kulia ukae kulia. Panga kibao kwa mwelekeo: vya mbele juu, halafu kushoto, halafu kulia, na mpangilio huo usibadilike popote. Alama za picha tumia zile zinazojulikana kimataifa (kuna kiwango cha ISO 7001 kwa ajili hiyo), usibuni alama yako mwenyewe ya choo. Logo ya mji ikiwepo iwe ndogo, chini, ikae kimya.

Hatua ya 8: Jaribu kwa boksi kwanza

Kabla ya kutengeneza kimoja, chapisha vibao vya njia moja nzima kwa ukubwa wake halisi, bandika kwenye boksi gumu au plaiwudi, vifunge kwa kamba pale pale vitakapokaa, kwa urefu uleule, kwa ruhusa ya wenye barabara. Halafu rudisha wale wageni, au wengine wapya. Endesha mwenyewe kwa mwendo wa kawaida. Hapo ndo utaona mti unafunika, lori la kushusha mizigo linapaki mbele yake kila asubuhi, jua la jioni linapiga usoni. Mezani hivyo vyote havionekani. Mkilazimika kukihamisha kibao mara tatu leo, mnahamisha kamba tu.

Hatua ya 9: Tenda na ujenzi

Alumini ya milimita 3 na stika ya kuakisi mwanga kwa vya magari, bila hiyo usiku havipo. Rangi nyekundu inapauka juani kuliko nyingi, kwa hiyo isibebe ujumbe wa maana. Weka filamu ya juu inayoruhusu kufuta maandishi ya kuchorachora, na bolti zisizofunguka kwa spana ya kawaida. Muhimu kuliko yote, majina yawe kwenye mbao zinazotoka moja moja, ili ofisi ikihama unabadilisha mstari mmoja na sio kibao kizima.

Ukingo wa chini wa kibao juu ya njia ya miguu uwe angalau mita 2.1 kutoka chini, mtu asigonge kichwa, na asiyeona asikutane nacho usoni. Nguzo isizibe njia ya kiti cha magurudumu. Kwenye barabara za mwendo wa kasi, nguzo iwe ya aina inayovunjika ikigongwa.

Kabla ya kuchimba, ulizia mabomba na nyaya za chini. Halafu piga vigingi: kijiti na karatasi ya namba kila kibao kitakapokaa, fundi, wewe na mtu wa mamlaka ya barabara mzungukie vyote, mkae kwenye kiti cha dereva kila mahali, mhamishe kijiti panapohitajika, ndipo mkandarasi aanze.

Hatua ya 10: Kufunga

Pesa isipotosha mji mzima, na mara nyingi haitoshi, funga kwa NJIA na sio kwa eneo. Malizia njia ya hospitali kutoka milango yote mpaka getini, halafu ya stendi, halafu ya katikati ya mji. Njia tatu zilizokamilika zinamfaa mgeni kuliko vibao vipya vilivyotapakaa kila kona bila kuungana. Na siku kipya kinaposimama cha zamani king'olewe siku hiyohiyo, usiache viwili vinabishana.

Jioni ya siku ya mwisho chukua jedwali, endesha njia zote, soma kila uso, angalia mishale. Rudi usiku na taa za gari. Usisaini malipo ya mwisho kabla ya huo mzunguko wa usiku.

Hatua ya 11: Kutunza

Kila kibao kiwe na namba yake ndogo nyuma, ileile ya kwenye jedwali, na simu ya kuripoti. Mtu akipiga anasema kumi na saba kimelala, unajua ni wapi, kina maneno gani, na unaagiza kilekile. Pitia vyote mara moja kwa mwaka kwa maji, sabuni na msumeno wa matawi, kwa sababu matawi yanaficha vibao vingi kuliko ajali zinavyoviangusha.

Maombi mapya ya majina yapokelewe mara moja kwa mwaka, yote pamoja, yapimwe kwa vigezo vilevile vya hatua ya 3. Jina likibadilika badilisha mnyororo mzima siku moja, na sahihisha na ramani za simu pia. Na mwagize mkandarasi tangu mwanzo atengeneze mbao tupu za akiba, saizi zote, rangi ileile ya bechi moja, zikae stoo ya mji zimeandikwa ni za kibao aina gani, maana ukiagiza baada ya miaka mitatu bluu haitafanana.